Tuanze na Triathlon Fupi ya Vilimani

SAFU YA JUMAMOSI
Na Aneth Kimaro

Septemba 2025 ulikuwa mwezi mtamu kwetu tunaopenda michezo ya pumzi. Kule Tokyo, Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni baada ya kumpiku Mjerumani Amanal Petros kwenye hatua za mwisho kabisa, hata saa zikawaandikia wote wawili muda mmoja, 2:09:48. Mwezi huohuo Kigali ikapokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ambayo hayakuwahi kufanyika Afrika tangu yaanzishwe, na mabingwa wa Ulaya wakatweta kwenye vilima ambavyo wabeba ndizi wa Rwanda huvipanda kila siku.

Basi kukimbia tunakujua, na baiskeli tunaijua. Tangulia na kuogelea kabla ya hizo mbili, umepata triathlon, mchezo ulioingia Olimpiki mwaka 2000 mjini Sydney na ambao hapa kwetu watu wengi hawajawahi kuuona kwa macho. Mimi nautaka huku kwetu, na nautaka kwa sura moja: ule mfupi, unaopanda vilima na kupita kwenye vijia vya miguu.

Umbali mfupi unaotambulika duniani ni kuogelea mita 750, kuendesha baiskeli kilomita 20 na kukimbia kilomita 5. Linganisha na ile ya Rubavu, kando ya Ziwa Kivu, iliyoanza Agosti 2022: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli kilomita 90, kisha nusu marathoni nzima ya kilomita 21.1. Nawaheshimu sana wanaoimaliza. Lakini mwalimu wa shule ya msingi au muuza duka atazipata wapi saa za kujiandaa kwa kilomita 90 juu ya tandiko? Ile fupi anaweza kujiandaa asubuhi kabla ya kazi, akashindana Jumamosi, na mchana akahudhuria harusi.

Kikundi chetu hapa Moshi hujipangia ya kwetu. Tunaogelea kwenye bwawa la kulipia la mita 25, nenda rudi hadi hesabu itimie, tunapanda baiskeli kuelekea Uru, kisha tunaziacha na kukimbia kwenye vijia vya vihamba, kando ya mifereji, chini ya migomba. Hakuna medali wala fulana. Lakini njia ile imenifundisha kwa nini vilima na udongo ndivyo vinavyotufaa.

Chukua baiskeli. Kwenye lami tambarare adui mkubwa ni upepo, na upepo unashindwa kwa pesa au kwa hila: magurudumu ya bei mbaya, kofia iliyochongoka, au kujificha nyuma ya mgongo wa mwenzako. Kwenye mpando mkali mwendo unashuka, upepo hauna kazi tena, na kinachobaki ni mapafu, miguu na uzito unaoubeba. Barabara ya udongo nayo inauliza swali jingine: unajua kuiongoza baiskeli yako penye mawe na makorongo? Kijana mwenye baiskeli ya mtumba yenye gia, aliyekulia kwenye miteremko hii, ana majibu ambayo mwenye baiskeli ya mamilioni hana. Akishindwa kabisa na mpando, kanuni za mchezo zinamruhusu kushuka na kuisukuma, mradi asiiache nyuma.

Fundi wetu wa baiskeli karibu na soko hunirudia neno moja kila ninapompelekea kazi: "Dada, gia shusha kabla kilima hakijakushika. Ukishusha huku umekanyaga kwa nguvu zote, cheni itakatika." Huinua gurudumu la nyuma, akalizungusha kwa kidole na kuisikiliza cheni ikiruka meno. Ni yeye pia huwatolea watu upepo kidogo kwenye tairi kabla ya kuingia njia ya vumbi, ili lishike ardhi, bila kulilegeza sana hadi ringi igonge jiwe. Elimu hiyo imejaa kwenye vibanda vya mafundi wetu, na hakuna shirikisho la michezo lililoilipia.

Kisha uteremke baiskelini ukimbie. Hatua za kwanza miguu haikutambui, mapaja yamekuwa mazito na magoti hayataki kukunjuka, na asiyelijua jambo hili hudhani ameumia. Mwenye uzoefu hupiga hatua fupi za haraka mpaka damu irudi mahali pake. Kijia kikisimama wima, anayetembea kwa hatua ndefu, viganja vikisukuma mapaja, mara nyingi humkuta juu yule aliyeanza kwa kukimbia, sasa ameinama akitafuta hewa. Kwenye mteremko macho hutazama hatua tatu mbele, maana mzizi wa mparachichi haukupi nafasi ya pili, na udongo wetu ukinyeshewa kidogo tu unateleza vibaya sana.

Anayedhani njia za namna hii ni mchezo wa pembeni amtazame Flora Duffy. Anatoka Bermuda, visiwa ambavyo watu wake hawafiki laki moja. Kabla ya kutwaa dhahabu ya triathlon kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, alikuwa ameshakuwa bingwa wa dunia wa triathlon za porini zaidi ya mara moja. Dhahabu ile ilikuwa ya kwanza ya Olimpiki kwa nchi yake. Mimi humkumbuka kila ninaposikia kwamba sisi ni wachache mno au maskini mno kwa mchezo huu.

Kinachotukwamisha kweli ni maji, na hapa naomba tuzungumze bila kuzungukana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa kwa kuzama mwaka 2021, na sehemu kubwa ya vifo hivyo iko kwenye nchi za kipato kama chetu. Tunaishi kati ya Bahari ya Hindi na maziwa matatu makubwa, na bado watoto wetu wengi hukua wakionywa wasisogelee maji, bila kufundishwa la kufanya wakitumbukia. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka mita chache tu kutoka gati ya kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 200 wakapotea. Sisemi kuogelea kungewaokoa wote, maana waliobanwa ndani hawakuwa na njia. Nasema ni aibu yetu wakubwa kwamba ujuzi huu bado tunauona kama anasa ya watoto wa shule za kulipia.

Kwa wasichana hali ni ngumu zaidi. Nimewasikia akina mama wakisema hawana shida na kuogelea, shida yao ni mavazi na macho ya wanaume. Jibu lipo, tena karibu: kule Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kusitiri mwili mzima, na baadhi ya waliofundishwa wamekuwa walimu wa wenzao. Kama Nungwi imewezekana, Moshi, Mwanza na Kigoma hatuna kisingizio.

Mashindano yana nguvu ambayo semina haina. Mtoto akiambiwa ajifunze kuogelea kwa usalama wake ataitikia tu. Akiambiwa kuna mbio mwezi Julai, na kaka yake ameshajiandikisha, atakuwa bwawani Jumamosi kabla ya mlinzi hajafungua geti. Wala si lazima tuanze na mita 750. Mita 200 bwawani, mwokoaji akiwa pembeni, zinatosha, na zinatuepusha na mamba na kichocho.

Shule zenye mabwawa zifungue milango Jumamosi asubuhi kwa watoto wa mtaani, kwa ada ndogo. Maafisa michezo wa wilaya wakae na mafundi baiskeli na viongozi wa vijiji wachore njia, masika yakishapita na udongo umekauka. Uzoefu upo: Kilimanjaro Marathon imekuwa ikileta umati mjini Moshi tangu 2003, na mji unajua namna ya kuwapokea wageni wanaokimbia. Ile inahitaji barabara kufungwa. Hii yetu itapita kwenye vihamba, na wenye vihamba wakiombwa mapema watatoa njia, watatoa maji ya kunywa, na watoto wao watakuwa kwenye orodha ya washindani.