Kupunguza Si Kuponya
Kwetu Burungu, katika malisho ya Masisi, ng'ombe akikauka maziwa hatumfukuzi mchungaji. Kampuni za teknolojia zikiyumba hufanya hivyo, na kuita “kupunguza wafanyakazi”, kana kwamba watu ni chumvi kwenye mchuzi.

Tazama Copia ya Kenya, iliyowauzia wanavijiji bidhaa kupitia mawakala. Mwaka 2023 ilifunga shughuli zake Uganda, ikisema inatafuta faida. Mei 2024, fedha za wawekezaji zilipokosekana, ikawekwa chini ya wasimamizi.

Nakubali, kupunguza huipa kampuni pumzi. Lakini biashara isipojilipa, pumzi hiyo huahirisha matanga tu. Sisi wanafunzi wa lugha tusiipambe dawa isiyoponya: tuseme watu wamefukuzwa.