Zimwi la Mpira na Nunda wa Kweli

Iko starehe moja ambayo watu wazima wengi wanaipenda lakini hawaitaji mbele za watu. Ni kukaa kitako saa nzima na nusu kutazama picha ya dude kubwa linalobomoa mji, hali kila mtazamaji anajua kwamba ndani ya dude hilo mna binadamu aliyevaa ngozi ya mpira, na kwamba majumba yanayoanguka ni vibao na plasta. Mwalimu wa skuli hakubali kwamba huzitazama. Mzee wa msikiti ndiyo kabisa. Na sisi tunaoandika haya tulificha kwa miaka mingi, mpaka mvua ya Bumula ilipotuumbua.

Bumula iko magharibi ya Kenya, katika Kaunti ya Bungoma, nchi ya miwa na mahindi, na mpaka wa Uganda hauko mbali. Msomaji wa Mombasa au Lamu asidhani kuwa huko ni ugenini mtupu. Misafara ya Pwani ilikuwa ikifika kwa Mumia, jirani wa hapo, tangu karne ya 19, na Uislamu wa Mumias una mizizi yake katika safari hizo.

Ilikuwa siku ya soko, alasiri, na mvua ya upande ule haibishi hodi. Tukakimbilia kibanda cha mabati chenye pazia jeusi mlangoni. Tukalipa shilingi 20, tukapewa nafasi kwenye benchi. Mbele iliwekwa televisheni moja, na ndani yake dude la Kijapani lenye magamba lilikuwa likikanyaga reli. Juu ya maneno ya Kijapani ilipandishwa sauti ya msimulizi wa Kiswahili. Yeye alimpa kila askari jina, akalitukana dude, akalionea huruma, akatuonya lilipokaribia. Mzee mmoja aliyekaa ubavuni mwetu alitunong'oneza kwamba ameona ngozi ya zimwi ikijikunja nyuma ya goti kama suruali pana. Alikuwa bado anacheka pale dude lilipogeuka ghafla. Akaruka, akatushika mkono! Tulipotoka, mvua ilikuwa imekatika kitambo na wakati wa Magharibi umetupita. Hiyo ndiyo aibu yetu, na hatumsingizii mtu mwingine.

Lakini aibu ya kupitwa na sala ni jambo moja, na aibu ya kupenda picha yenyewe ni jambo la pili. Hapa ndipo tunapotaka kusimama kidogo na msomaji wetu.

Picha hizi hazikuzaliwa katika upuuzi. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, Bahari ya Pasifiki. Majivu yake yaliwaangukia wavuvi wa Kijapani waliokuwa katika chombo kiitwacho Daigo Fukuryu Maru, na mmoja wao akafa mwezi wa Septemba mwaka huo huo. Tarehe 3 Novemba 1954 kampuni ya Toho ikatoa picha ya Godzilla, dude lililoamshwa baharini na mabomu ya namna hiyo, likaja kuuchoma mji wa Tokyo. Mwongozaji alikuwa Ishiro Honda, na fundi wa viini macho alikuwa Eiji Tsuburaya. Tsuburaya alitamani kutumia vinyago vinavyosogezwa kidogo kidogo, kama ilivyofanywa katika King Kong ya 1933, lakini wakati na fedha havikutosha. Ndipo wakashona vazi. Vazi la kwanza lilikuwa na uzito wa kilo 100 hivi. Haruo Nakajima aliingia ndani yake, akatembea kwa taabu katika mji uliojengwa kwa udogo wa sehemu moja katika 25. Picha ilipigwa kwa mwendo wa kasi, ili ikionyeshwa kwa mwendo wa kawaida dude lionekane zito na pole. Nakajima aliendelea kuvaa mavazi hayo mpaka 1972.

Baadaye fedha zilipungua na kazi ikawa ya kubabaisha. Katika picha ya Godzilla na Megalon ya 1973 wenyewe walirudia vipande vya picha zao za zamani. Hizo ndizo zilizoenea duniani kwa kanda za vidio, na hizo ndizo zinazochekwa. Hata hivyo yule mzee wa Bumula aliyeruka kwenye benchi hakuwa mjinga. Alijua, akakubali. Ni mapatano ya kale baina ya msimulizi na msikilizaji: wewe niongopee vizuri, nami nitaogopa vizuri. Bibi zetu walipokaa barazani usiku wakafungua hadithi, ni mtoto gani aliyedai aonyeshwe zimwi kwanza ndipo aamini?

Kuna watu wanaolalamika kwamba msimulizi wa Kiswahili anaharibu kazi ya watu. Sisi tunawakumbusha kwamba Wamarekani ndio waliotangulia. Mwaka 1956 waliichukua Godzilla, wakaikatakata, wakamtia ndani yake mwigizaji wao Raymond Burr awe mwandishi wa habari anayewaeleza Wamarekani wenzake kinachotokea. DJ Afro wa Kenya amefanya nini zaidi? Marehemu Lufufu wa Tanzania alifanya nini zaidi? Huko Uganda kazi hii imekuwa fani kamili, hata picha ya Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, iitwayo Who Killed Captain Alex, ya mwaka 2010, imetiwa msimulizi ndani yake kama sehemu ya mchezo. Picha ya kigeni huingia kibandani ikiwa mgeni, na sauti ya msimulizi ndiyo inayoikaribisha ndani na kuipa kiti.

Tena Bumula si mahali pa kufundishwa habari za madude. Masimulizi ya Wabukusu yanamtaja shujaa Mango, aliyelivizia joka lililokuwa likiangamiza watu, akalikata kichwa pangoni mwake. Baada ya ushindi huo akatahiriwa, na ndipo, wasemavyo wao, tohara ilipojikita kwao. Mpaka leo vijana hutahiriwa mwezi wa Agosti wa kila mwaka wa pili, na jina la Mango hutajwa. Kwa hiyo mtoto wa Bumula akicheka dude la mpira, anacheka akiwa na joka lake mwenyewe nyumbani. Swali letu ni kama ataendelea kuwa nalo. Sauti zinazosimulia Godzilla ziko kwenye kila kadi ya simu na kila duka la kuuza picha. Sauti zinazomsimulia Mango ni za wazee, na wazee huondoka.

Na sisi wa Pwani tusijione tumepona. Tunaye Nunda mla watu, ambaye kisa chake kilipigwa chapa London mwaka 1870 katika kitabu cha hadithi za Waswahili cha Edward Steere. Ni watoto wangapi wa Mji wa Kale wanaomjua?

Msomaji atakumbuka Nunda alianzaje. Alikuwa paka wa sultani. Alianza kwa kula mnyama wa kufugwa, watu wakashtaki, sultani akasema paka ni wangu na mnyama ni wangu. Akala mbuzi, jibu likawa lile lile. Paka akakua kwa kuachiwa, mpaka akala watu, na watoto wa sultani wakawa miongoni mwao.

Tunalitaja hilo kwa sababu hatujasema yote tuliyoyaona kibandani. Zimwi lilipokwisha, mwenye kibanda alitia picha nyingine bila kumtoa mtu. Ilikuwa ya watu wanaochinjana, damu inaonekana kama damu, wala hakuna goti lililokunjika la kumwambia mtazamaji kwamba haya ni mchezo. Benchi la mbele lilikuwa na watoto ambao umri wao hata miaka kumi haujafika. Hawakucheka. Hapo ndipo tulipotoka.

Nunda wetu ndiye huyo. Zimwi la mpira limevaa uongo wake waziwazi, na mtoto analishinda kwa kicheko. Picha ya pili inamwingia kimya, na hakuna anayeishitaki, maana kiingilio kimelipwa na mnyama ni wa mwenye nyumba. Sheria ya Kenya inataka picha zipangwe kwa umri, zikiwamo za wenye miaka 16 na za wenye 18. Alama hizo hazina maana ikiwa pazia la kibanda linafunguliwa kwa yeyote mwenye shilingi 20. Hatutaki vibanda vifungwe, kwani vikifungwa vitahamia mafichoni. Tunataka mwenye kibanda atoe watoto kabla hajabadilisha picha, na asimamishe mashine wakati wa sala na wakati wa skuli. Wazazi nao waulize watoto wao wametazama nini, bila fimbo mkononi.

Wasimulizi tunawaomba jambo jingine. Sauti mnazo, na watu wanawasikiliza kuliko wanavyotusikiliza sisi wa magazeti. Chukueni basi Mango na joka lake, chukueni Nunda, hata kama vazi litashonwa kwa magunia na mkia utaburuta chini. Sisi tutalipa kiingilio, tutakaa benchi la mbele, na safari hii tutakuja baada ya Isha.