Bangili ya malkia na mikono ya wachimbaji

Tulipopeleka watoto wetu ku makumbusho ya Lubumbashi, ulizo lao la kwanza lilikuwa hili: malkia wa zamani alikuwa anavaa nini? Tuliwaonyesha bangili, mikufu na misalaba midogo ya shaba. Vitu vya namna hii vilitoka mu makaburi ya Sanga, ku ziwa Kisale, pahali wasomi walichimba mwaka 1957 na 1958. Vingine vinapita miaka 700. Lakini kule Kisale mawe ya shaba hayako. Shaba ilitoka huku kwetu kusini, mu mikono ya watu waliochimba malakiti na kuiyeyusha na makala. Jina la hata mumoja wao hatulijue.

Malkia tunayejua jina lake ni Ruwej wa Walunda. Wazee wanasema baba yake alimuachia lukano, bangili ya utawala, naye akamuvalisha bwana yake, muwindaji Tshibinda Ilunga kutoka Buluba. Kaka zake wakakasirika, wakahama. Bangili ile si ya shaba wala ya zahabu, ni ya mishipa ya watu. Na haiko mu kioo ya makumbusho: lukano ingali alama ya Mwant Yav kule Musumba, mu Kapanga, mu jimbo letu la Lualaba.

Kwa nini tunaongea hii na wachimbaji? Sababu ni siye tunaofungua udongo. Siku mashini ao sululu inakuta musalaba wa shaba, chungu ao mifupa ya wazee, mumoja atasema tuuze, mwingine atasema tupitishe mashini. Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyobadilishwa mwaka 2018, haikubali. Permi ya kuchimba haimupe mwenye kampuni haki ya kujiwekea vitu vya zamani. Asivihamishe, na aandikie mara moja wakubwa wa serikali wanaoshugulika na utamaduni na makumbusho.

Tunaomba wadelege wote wa sendika waweke neno hili ku meza ya mazungumuzo na kampuni: pahali pale kazi isimame, na aliyetoa habari asikatwe mushahara. Tunajua maji, hospitali na masomo ya watoto vinatangulia. Lakini neno hili halituondolee hata moja ya ile.

Ndugu, ukikuta kitu cha wazee mu shimo, kiache pale kilipo, ita delege wako.