Mimba wiki nane, yeye karudi wiki sita!

Wiki hii tuzungumze jambo ambalo limevunja uchumba mwingi hapa mjini, na ukilichunguza unakuta chanzo chake ni hesabu. Siyo uhuni wala siyo mkono wa mtu. Hesabu tu.

Tuchukue mfano. Jamaa ni dereva wa malori, kakaa safarini muda mrefu, akaingia Dar tarehe 12 Juni. Mambo yakawa mazuri. Tarehe 27 Julai mchumba wake anatoka kliniki na kadi mkononi, imeandikwa mimba ina wiki nane. Jamaa akaanza kuhesabu vidole. Tangu nirudi ni wiki sita na ushei, hizo nyingine za nani? Mimi si nilikuwa Tunduma nasubiri kuvuka mpaka? Akawapelekea washikaji kijiweni, nao hawakuchelewa kutoa hukumu: "Umebambikiwa, mwanangu!" Basi ikawa kasheshe. Jamaa akaruka kimanga, dada wa watu akabaki na kadi yake na machozi.

Sasa sikia. Nesi hakukosea na dada hakudanganya. Wiki za kwenye kadi hazihesabiwi tangu siku mlipokutana, wala tangu siku mimba ilipotunga. Zinaanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Dada alianza kuona siku zake tarehe 1 Juni. Kutoka hapo mpaka 27 Julai ni siku 56, wiki nane kamili. Lakini kwa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28, yai hutoka kama wiki mbili baada ya hedhi kuanza, yaani pale tarehe 14 au 15 Juni, jamaa akiwa kesharudi na nguo za safari zimeshafuliwa. Kwa maneno mengine, katika wiki mbili za kwanza za kadi tumboni hamna kitu!

Utauliza, kwa nini wahesabu namna hiyo? Ni kwa sababu hedhi inaonekana, lakini yai linatoka kimya kimya. Tena hata siku mliyokutana siyo lazima iwe ndiyo siku mimba iliyotunga, maana mbegu za mwanaume zinaweza kukaa hai mpaka siku tano zikilisubiri yai.

Kupata tarehe ya kujifungua, chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku saba, kisha sogea mbele miezi tisa. Dada yetu wa tarehe 1 Juni anapata 8 Machi. Hesabu hii inaitwa kwa jina la daktari mmoja wa uzazi wa Heidelberg, Ujerumani, Franz Karl Naegele, aliyefariki mwaka 1851, na manesi wetu wanaitumia mpaka leo. Inakupa takriban siku 280, wiki 40.

Na hapa niwageukie mawifi, ambao nao ni wahasibu wakubwa. Ndoa imefungwa tarehe 14 Juni, mtoto kazaliwa 14 Februari. Miezi minane! Minong'ono inaanza: huyu kaja na mzigo wake kutoka kwao. Jamani, kama bibi harusi aliingia mwezini mara ya mwisho wiki mbili kabla ya harusi na akashika mimba usiku ule ule, mtoto huyo ana wiki 37. Haitwi njiti, katimia. Acheni bi harusi wa watu ale uji wake wa pilipili manga kwa amani.

Hata hivyo hesabu ya Naegele ina mahali inapogoma. Mwenye mzunguko wa siku 35, yai lake linachelewa kama wiki moja, kwa hiyo na tarehe yake isogezwe mbele wiki moja. Aliyeacha sindano ya uzazi wa mpango karibuni, anayenyonyesha, au ambaye tarehe hakuiandika popote, huyo kukisia hakumsaidii. Dawa yake ni altrasaundi, na mapema. Ikipigwa kabla ya wiki ya 14 hupishana na ukweli kwa siku tano mpaka saba hivi. Ukingoja mpaka mwezi wa nane, inaweza kupishana hata wiki tatu, kwa sababu watoto nao wakishakua kuna wakubwa na wadogo. Ndiyo maana mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila mjamzito apimwe angalau mara moja kabla ya wiki ya 24. Mashine hiyo nayo inahesabu wiki kwa mtindo ule ule wa kadi, kaka, usije ukaanza ugomvi upya mlangoni mwa chumba cha picha. Tena haimjui baba ni nani. Mwenye shaka ya kweli kuna vipimo vya vinasaba kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, siyo kijiweni.

Tarehe yenyewe pia siyo miadi ya daladala. Katika watoto 20, kama mmoja tu ndiye anayezaliwa siku ile ile iliyoandikwa. Wengine wote huja kabla au baada, na kuanzia wiki ya 37 mpaka 42 ni kawaida. Lakini ukifika wiki ya 41 na uchungu hamna, usikae nyumbani kunywa dawa za mizizi za kuharakisha. Nenda hospitali, maana kondo huanza kuchoka na mtoto akakosa hewa. Na uchungu ukianza kabla ya wiki ya 37, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Na wewe baba kijacho, ile hela ya bajaji ya usiku itengwe kuanzia wiki ya 37, usingoje tarehe ya kwenye kadi.