NYUMBA YA VITABU NI CHOMBO CHA KAZI



Kijana wa Kongolo anapotaka kazi, hufanya nini? Kwanza humwendea mjomba aliye na kazi katika kompani, amwombee kwa wakubwa. Mjomba akishindwa, kijana huenda kusimama mlangoni pa kompani tangu alfajiri, pamoja na wenzake mia, wakingoja kapita anyoshe kidole: wewe, na wewe, na wewe. Asipochaguliwa hurudi kesho. Akichoka, hufunga nguo zake, huchukua sururu, hushika njia ya machimbo. Hatumlaumu, maana tumbo halingoji. Lakini twauliza: katika njia hizo zote, kwa nini hakuna hata moja inayopita penye kitabu?

Wengine watacheka. Watasema: kitabu hakiliwi, kitabu ni cha watoto wa shule na mapadri. Basi tuwajibu pole pole, maana neno hili ni la mkate wetu wa kila siku.

Wakati wa Wabelgiji vitabu vilikuwa na rangi. Palikuwa na nyumba za vitabu za Wazungu, na palikuwa na nyingine za watu weusi. Si Kongo peke yake. Kule Nairobi ilifunguliwa nyumba kubwa ya vitabu, McMillan, mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Kwa nini walilinda vitabu namna ile, kama mtu anavyolinda ghala la chakula? Kwa sababu walijua kazi ya kitabu. Shule zetu za chini zilikuwa nyingi, lakini ngazi ya kupanda juu ilikatwa. Ilipofika tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliomaliza chuo kikuu hawakufika 30 katika nchi nzima. Katika jeshi la Force Publique hapakuwa na ofisa mweusi hata mmoja. Uhuru tuliupata, lakini mwenye kujua kuendesha kazi kubwa alikuwa bado ni mgeni. Tuliona wenyewe mambo yaliyofuata.

Tena, tusisahau wale walioipanda ngazi ile iliyokatwa. Patrice Lumumba alizaliwa mwaka 1925 kule Onalua, Sankuru. Shule yake haikufika mbali. Alipita Kindu, mji ulioungana na sisi kwa reli hii hii, akaenda Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, akawa karani wa posta. Mwaka 1947 alikwenda Léopoldville kujifunza kazi ya posta. Alisoma peke yake, usiku baada ya kazi, akaandika katika magazeti, akawa waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. Hakungoja mtu amnyoshee kidole mlangoni. Hatusemi kwamba kila asomaye atakuwa waziri. Twasema kwamba karani wa posta aliyesoma alijua zaidi ya yale aliyotakiwa kujua, na hapo ndipo mtu anapoanza kuwa huru.

Sasa tutoke kwa wakubwa, tuje kwetu. Hebu tutazame faida tatu ambazo mtu wa kazi anaweza kuzitoa katika kitabu.

Faida ya kwanza ni kujua haki yake. Kuna sheria ya kazi, namba 015/2002, ya tarehe 16 Oktoba 2002. Imeandikwa kwa Kifaransa, na wengi wetu hawajaiona kwa macho. Inasema nini? Inasema kwamba kontra inatakiwa kuandikwa, na kama haikuandikwa, huhesabiwa kuwa kontra isiyo na mwisho, mpaka ithibitishwe vingine. Inasema kwamba kontra yenye mwisho isipite miaka 2. Inasema kwamba mtu asiye na ufundi asijaribiwe zaidi ya mwezi 1, na wengine wasijaribiwe zaidi ya miezi 6. Inasema pia neno ambalo kila mfanya kazi wa siku kwa siku angepaswa kulijua kwa moyo: mtu akifanya siku 22 za kazi ndani ya miezi 2, na mwenye kazi akimchukua tena kabla ya miezi hiyo 2 kwisha, basi kontra yake ni ya kudumu.

Fikirini, wandugu. Ni wangapi kati yetu waliofanya kazi ya siku kwa siku mwaka mzima, kisha wakaambiwa, "Wewe si mtu wetu"? Wakaondoka wameinama, maana hawakujua. Zamani baba zetu walitia kidole katika wino, wakagonga karatasi wasiyoweza kuisoma. Mtoto wao anayeandika jina lake vizuri juu ya karatasi asiyoisoma, amepita kidole kwa kitu gani?

Tena sheria hiyo inamwagiza mwenye kazi kumpa mtu anayeondoka cheti kinachoonyesha ni kazi gani aliyofanya na kwa muda gani. Karatasi hiyo ni mali. Mwenye nayo akifika mlango mwingine, hahitaji kuapa kwamba yeye ni fundi. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na kazi ni vivyo hivyo.

Faida ya pili ni kujua kazi gani inatafutwa, na inataka nini. Jimbo letu la Tanganyika si maskini. Manono ilitoa tini tangu wakati wa Géomines, na sasa dunia inaitazama Manono ile ile kwa ajili ya lityumu inayotiwa katika betri. Serikali na makompani ya kigeni wamegombania udongo ule mpaka mbele ya mahakimu. Wanapogombana wao juu ya jiwe, sisi tunajitayarisha kwa kitu gani? Mgodi mkubwa hauhitaji sururu nyingi. Unahitaji suduri wa kuunganisha vyuma kwa moto, fundi wa umeme, fundi wa mashine, dereva wa mashine kubwa, mpima ardhi, karani wa hesabu, muuguzi, mpishi, mtu wa kulinda usalama wa wafanyakazi. Kazi hizo hazianzi siku mlango unapofunguliwa. Zinaanza miaka 2 au 3 kabla. Yule anayeanza kujifunza siku tangazo linapobandikwa amekwisha kuchelewa, na nafasi yake itachukuliwa na mtu wa mbali, halafu tutalalamika kwamba wageni wamekula kazi yetu.

Kwa hiyo kijana akiingia penye vitabu, asiulize tu, "Kuna kazi?" Aulize, "Mimi najua nini, nakosa nini, na kinachokosekana kinafundishwa wapi?" Aandike majibu katika daftari. Iko INPP, chuo cha kutayarisha watu kwa kazi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Iko ONEM, ofisi ya taifa ya kazi, iliyoanzishwa mwaka 2002. Majina haya mawili yangepaswa kubandikwa ukutani pa kila nyumba ya vitabu, pamoja na masharti ya kuingia na matangazo mapya. Na pale mezani awepo mtu wa kumwonyesha kijana namna ya kuandika barua ya kuomba kazi: jina, shule, kazi alizofanya na miaka yake, bila uongo na bila maneno ya kubembeleza. Barua si magoti. Barua ni mtu anayesimama wima na kusema anachoweza.

Faida ya tatu ni ya wale wasiotaka kuajiriwa: mwenye karakana, mshonaji, mwenye gari, mama anayepika chakula cha wafanyakazi. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 inasema kwamba kazi ndogo ndogo ambazo makompani makubwa huwapa wengine ziwe za makompani ya Wakongo, ambayo sehemu kubwa ya mali yake ni ya Wakongo. Mlango huo uko wazi. Lakini anayeingia ni yule mwenye kujua karatasi zinazotakiwa. Asiyejua atauza jina lake kwa mgeni, awe mwenye kampuni kwa mdomo, na mtumishi kwa kweli.

Sasa mtatuuliza: nyumba yenyewe ya vitabu iko wapi? Swali hilo ni la haki. Tusingoje jumba la vioo. Rafu moja yatosha kuanza. Parokia ina vitabu, shule zina vitabu, waalimu wana vitabu nyumbani, na ofisi ya teritwari ina magazeti ya serikali. Tuvikusanye mahali pamoja, penye taa, panapofunguliwa jioni mtu anapotoka kazini, si asubuhi wakati yuko kazini. Rafu iwe na sheria ya kazi, sheria ya migodi, kamusi ya Kifaransa na Kiswahili, vitabu vya ufundi na vya hesabu. Na kwa kuwa sheria ni ya Kifaransa, mwalimu mmoja asome mbele ya watu mara moja kwa juma, aeleze kwa Kiswahili, na watu waulize. Kuuliza si ujinga. Asiyejua kusoma na yeye aje, maana sikio nalo hujifunza.

Fedha itoke wapi? Hapa tunaizungumzia serikali waziwazi. Sheria ya migodi, iliyogeuzwa tarehe 9 Machi 2018, inasema kwamba katika kodi ya madini yanayouzwa, sehemu 15 kwa mia ni ya komuni, sekta au sheferi yenye mgodi. Tena kompani inatakiwa kutoa angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu. Tunajenga masoko, tunajenga zahanati, ni vizuri. Lakini mahali panapotoa madini, mbona pasipatikane meza, taa na vitabu 200? Nchi jirani ya Tanganyika, baada ya uhuru wake, ilitunga mwaka 1963 sheria ya kuwa na shirika la nyumba za vitabu, na mwaka 1967 Rais Nyerere akafungua kubwa yao pale Dar es Salaam. Hawakuwa matajiri kuliko sisi. Hawana shaba na kobalti kama za Katanga. Walikata shauri tu.

Basi twawaomba viongozi wa sendika: katika madai yenu kwa kompani, pamoja na mshahara, andikeni na vitabu. Twawaomba waalimu watoe jioni moja. Twawaomba wazazi wasiseme kwamba msichana hana haja ya kukaa penye vitabu, maana karani wa hesabu na muuguzi si lazima wawe wanaume. Na wewe kijana unayeamka alfajiri kwenda kusimama mlangoni: nenda, usiache. Lakini jioni, kabla ya kulala, soma ukurasa mmoja wa sheria inayokuhusu. Siku kapita atakapokunyoshea kidole, uwe unajua thamani ya mkono wako, na karatasi utakayopewa uisome mpaka mwisho kabla ya kuitia jina.