Chanjo Kabla ya Mbegu: Rai juu ya Ufugaji wa Shinyanga na Geita

Yanapotajwa maneno "bioteknolojia ya mifugo", wengi wetu humfikiria mara moja ng'ombe mkubwa wa madoa meusi na meupe, atoaye maziwa ndoo baada ya ndoo, aliyezaliwa kwa mbegu za dume la ng'ambo. Fikra hiyo ina msingi. Uhimilishaji ni tawi halali la bioteknolojia, na nchi yetu ina kituo chake cha kuzalisha mbegu huko Usa River, mkoani Arusha. Hata hivyo, makala haya yanakusudia kutetea rai nyingine, kwamba kwa mikoa ya Shinyanga na Geita bioteknolojia inayostahili kutangulia ni ile inayomkinga ndama asife. Kuleta mbegu bora katika zizi lenye maradhi ni kujaza maji katika mtungi uliotoboka.

Adui akaaye masikioni

Katika maradhi yanayowasumbua wafugaji wa Kanda ya Ziwa, ndigana kali ina mahali pake pa pekee. Husababishwa na kijidudu cha seli moja kiitwacho Theileria parva, kienezwacho na kupe wa rangi ya kahawia apendaye kukaa masikioni mwa ng'ombe. Mwaka 1897 Robert Koch, mwanasayansi mashuhuri wa Kijerumani, alikiona katika damu ya ng'ombe wa Dar es Salaam, akadhani ni hatua ya ukuaji wa kijidudu cha ugonjwa mwingine. Miaka michache baadaye Arnold Theiler, daktari wa mifugo huko Afrika Kusini, alibainisha kuwa ni ugonjwa wa peke yake. Jina la kijidudu linatokana na lake.

Jinsi kijidudu hiki kinavyoua ni jambo la kuzingatiwa na kila mwanafunzi wa biolojia. Kupe anaponyonya damu, vijidudu vilivyomo katika mate yake huingia ndani ya seli nyeupe za damu ya ng'ombe. Kijidudu hakiiui seli hiyo; huilazimisha igawanyike, na kila inapogawanyika nacho hugawanyika pamoja nayo. Hivyo seli zilizowekwa kuulinda mwili huongezeka ovyo kama zile za saratani. Tezi za chini ya masikio na za mbele ya mabega huvimba, homa hupanda, mapafu hujaa maji, na katika muda wa wiki tatu au nne mnyama hufa akitoka povu puani.

Ng'ombe wetu wa asili, zebu mwenye nundu, akizaliwa kati ya kupe huwa na ustahimilivu fulani: ndama wengine hufa, na wanaosalia hubaki na kinga. Taabu huanza mifugo inapohama. Shinyanga ni nchi kavu, na kupe huyu hupenda zaidi nchi yenye unyevu kama ya upande wa Geita. Kwa miaka mingi wafugaji wa Kisukuma wamekuwa wakiswaga makundi yao kuelekea magharibi kutafuta malisho. Hata serikali ya kikoloni ilihimiza watu wahamie Geita kwa Mpango wa Maendeleo ya Usukuma ulioanzishwa mwaka 1947. Ng'ombe aliyekulia penye kupe wachache, akifikishwa penye kupe wengi, hana silaha. Dhaifu kuliko wote ni ng'ombe wa kigeni na chotara wake, yaani yule yule tunayemtazamia atuletee maziwa.

Chanjo iliyozaliwa Muguga

Kwa muda mrefu kinga ilikuwa josho. Josho lingali na kazi yake, lakini mengi yaliyojengwa zamani yaliharibika, na kupe nao huweza kuizoea dawa. Njia nyingine ilipatikana katika miaka ya 1970 huko Muguga, karibu na Nairobi, katika kituo cha utafiti wa mifugo kilichokuwa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Watafiti waliwasaga kupe wenye maambukizo, wakavikusanya vijidudu hai na kuvihifadhi katika nitrojeni ya kimiminika, penye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Ng'ombe hudungwa vijidudu hivyo, na papo hapo hudungwa oksitetrasaiklini, antibiotiki idumuyo mwilini kwa siku kadhaa. Dawa huupunguza ukali wa ugonjwa, na mwili hupata nafasi ya kujifunza kumtambua adui. Dozi moja huacha kinga ya muda mrefu. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 mamia ya maelfu ya ng'ombe wamechanjwa hivyo nchini, hasa kwa wafugaji wa Kimasai wa kaskazini.

Chanjo hii ina upungufu, nao hauna budi kusemwa. Haitoi kinga kamili pale ng'ombe wanapochangia malisho na nyati, kwa kuwa nyati hubeba aina za kijidudu zilizo tofauti. Tena mrija mmoja huwa na dozi za ng'ombe wengi, na ukishayeyushwa ni lazima utumike katika saa chache. Mfugaji mwenye ng'ombe watatu hawezi kuununua peke yake. Wanasayansi wanatafuta chanjo isiyohitaji vijidudu hai wala baridi kali. Ramani ya jeni zipatazo 4,000 za kijidudu hiki ilichapishwa mwaka 2005. Lakini ndama wa leo hawezi kuisubiri maabara ya kesho.

Kazi ya umoja

Hapa ndipo penye kiini cha rai yangu. Kinachokosekana zaidi ni mpango wa pamoja: mtungi wa nitrojeni unaojazwa kwa wakati, mtaalamu aliyefundishwa, na wafugaji wanaokubaliana siku moja kuwaleta ndama wao mahali pamoja. Usukuma si nchi ngeni kwa umoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, wananchi waliunda sungusungu bila kungoja kuambiwa. Ndigana kali nayo ni mwizi, tena huingia zizini bila kubisha hodi.

Serikali ina wajibu wake. Mwezi Juni 2025 kampeni ya kitaifa ya chanjo ilizinduliwa Bariadi, mkoani Simiyu, eneo lililokuwa la Mkoa wa Shinyanga hadi mwaka 2012. Kampeni hiyo ililenga homa ya mapafu ya ng'ombe, sotoka ya mbuzi na kondoo, na mdondo wa kuku. Ni hatua njema. Ndigana kali, kwa ugumu wa chanjo yake, inahitaji utaratibu wake wa pekee, na ingefaa utaratibu huo uanzie katika njia za uhamaji kati ya Shinyanga na Geita.

Soko lipo. Miji ya machimbo kama Geita, Katoro na Kahama inahitaji maziwa na nyama kila siku. Dhahabu ikishachimbwa hairudi ardhini. Ng'ombe aliye mzima huzaa.

Walimu na wanafunzi wana sehemu yao. Hesabuni, katika kaya kumi za jirani, ndama wangapi walizaliwa mwaka uliopita na wangapi walifikisha mwaka mmoja. Waulizeni wafugaji waliokufa walikuwa na dalili zipi. Chukueni kupe mmoja mmoja kwa koleo, mkamtazame kwa darubini. Kisha pelekeni hesabu hiyo kwa afisa mifugo wa kata na katika mkutano wa kijiji. Kijiji kinachojua idadi ya ndama wake waliokufa kitakuwa na hoja ya kudai chanjo, na baada ya hapo kitaweza kuagiza mbegu bora kwa matumaini.