Mpangaji Asiseme kwa Jina la Jirani

Onyo lililotolewa Julai 2024 na CERT, kituo cha usalama wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, lastahili kusomwa na kila katibu wa tawi na kila mhasibu wa ushirika ambaye ofisi yake imepanga huduma ya barua pepe kwa kampuni. Lilisema kwamba katika baadhi ya kampuni hizo mpangaji mmoja aweza kutuma barua kwa jina la mpangaji mwenziwe, na barua hiyo ikapita ukaguzi wote kama halali.

Asili ya jambo ni ya zamani. Kanuni za kupeleka barua pepe, ziitwazo SMTP, ziliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, zama ambazo mtandao ulikuwa wa watafiti wachache. Mtumaji alijaza jina apendalo, wala hakuna aliyemwuliza. Ni kama barua ya posta: mtu yeyote aweza kuandika nyuma ya bahasha jina la Mkuu wa Wilaya, na karani akaipiga muhuri.

Kuziba ufa huo zilikuja hatua tatu. SPF ni orodha ambayo mwenye domeni, yaani jina lile linalofuata alama ya @, huitangaza hadharani, akitaja seva zenye ruhusa ya kupeleka barua zake. DKIM ni sahihi ya kihesabu inayotiwa katika barua, ili ikibadilishwa njiani ijulikane. DMARC, iliyochapishwa mwaka 2015, hulinganisha matokeo ya hizo mbili na jina analoliona msomaji, kisha hutoa amri: barua iliyoshindwa ipite, iwekwe kando, au ikataliwe. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo huzidai zote tatu kwa watumao barua nyingi. Twaunga mkono, ingawa kampuni hizo zilikubali hata amri iliyo dhaifu kuliko zote, ile isiyomkataa mtu.

Sasa tazameni ufa uliobaki. Ofisi ndogo haina seva yake. Hupanga pamoja na mamia ya wengine. Katika orodha yake ya SPF huandika seva za mwenye nyumba, na jirani yake huandika zizo hizo. Jirani huyo akiingia kwa nywila yake mwenyewe, akaandika barua kwa jina la ofisi yetu, nayo seva isimwulize kama jina hilo ni lake, barua itakwenda. Mpokeaji ataikuta seva imo katika orodha, naye ataamini. Pengine seva itatia hata sahihi ya DKIM ya yule aliyeibiwa jina. Nyumba imethibitishwa, lakini mpangaji hakuulizwa.

Wala wakubwa hawakusalimika. Mwezi huohuo watafiti wa Guardio Labs walieleza jinsi walaghai walivyotumia seva za Proofpoint, kampuni ambayo kazi yake hasa ni kulinda barua, wakapeleka wastani wa barua milioni 3 kwa siku zenye majina ya Disney, Nike, IBM na Coca-Cola, zikiwa na sahihi kamili. Mlango ulikuwa mpangilio uliopokea barua kutoka akaunti yoyote ya Microsoft 365, badala ya akaunti za mteja mwenyewe tu.

Hasara humwangukia nani? FBI ilipokea taarifa za hasara ya dola bilioni 2.9 katika mwaka 2023 kutokana na ulaghai wa barua pepe za kazini. Miongoni mwa hila hizo imo ile ya kuugeuza mshahara wa mfanyakazi uingie akaunti ya mlaghai. Baada ya wizi, mabwana hupenda kumhubiria karani awe mwangalifu. Twauliza: karani aangalie nini, ikiwa mashine zenyewe zimeipitisha barua kama ya kweli? Kumkata mshahara kwa kosa hilo ni dhuluma. Anayepokea kodi ndiye mwenye wajibu, na dawa imo mikononi mwake: seva ikatae barua yoyote ambayo jina lake si la mpangaji aliyeingia.

Serikali nazo zina uwezo wa kuamuru. Oktoba 2017 serikali ya Marekani iliziagiza idara zake za kiraia zifikie amri ya kukataa katika muda wa mwaka mmoja. Yafaa idara za umma na mashirika yetu yasipange kwa kampuni isiyokagua wapangaji wake.

Hatudai kwamba DMARC yazuia kila hila. Mlaghai akisajili domeni inayofanana na yetu kwa herufi moja, ukaguzi wote utampitisha, kwa kuwa jina hilo ni lake. Kwa hiyo badiliko lolote la akaunti ya benki na lithibitishwe kwa simu, kwa namba iliyokuwapo ofisini tangu zamani, si ile iliyoandikwa katika barua.

Mikataba mingi ya upangaji hufanywa upya kila mwaka. Ndugu katibu, kabla ya kutia sahihi yako, iulize kampuni mambo mawili: je, mpangaji mwingine aweza kutuma barua kwa jina letu? Na ufunguo wetu wa DKIM ni wetu peke yetu? Jibu na lije kwa maandishi.